Kitabu cha mazoezi kinaweza kumfunza kijana katuni za tovuti, mradi kitabu chenyewe kiwe hai

Kijana wa Kiptere anayetaka kujifunza kutengeneza katuni za tovuti si lazima asubiri nafasi ya chuo jijini. Kitabu kizuri cha mazoezi, kompyuta ya kawaida na saa chache za umeme kwa siku vinatosha kumwanzisha. Shida ni kwamba vitabu vingi vya somo hili vinavyouzwa kwa bei nafuu, hasa vya mitumba, vinafundisha programu ambayo kazi yake ilizuiwa kwenye intaneti mwanzoni mwa mwaka wa 2021. Anayenunua kitabu cha aina hiyo bila kujua anaweza kukisoma ukurasa kwa ukurasa, akamaliza mazoezi yote, kisha akagundua kwamba alichotengeneza hakifunguki kwenye simu ya mtu yeyote.

Hiyo si hasara ndogo. Katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet, mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi za mikono zilizotegemewa na familia nyingi, na si ajabu mzazi kuuza ndama au kuchukua mkopo wa chama ili mtoto apate kompyuta. Pesa zikitoka kwa njia hiyo, ni vyema zitoke mara moja na ziende panapostahili.

Katuni za tovuti, ambazo katika Kiswahili cha vitabuni huitwa uhuishaji, ni michoro inayotembea ndani ya ukurasa wa intaneti. Inaweza kuwa tangazo la duka ambalo maneno yake yanajitokeza moja baada ya jingine, mchezo wa watoto, au mchoro unaomwonyesha mkulima jinsi majani mawili na chipukizi yanavyochumwa bila kuumiza mche. Tofauti na video, nyingi ya kazi hizi huchorwa kwa mistari ambayo kompyuta huikokotoa upya kila mara. Ndiyo sababu faili yake huwa nyepesi na haimalizi bando la mtazamaji kama video inavyofanya.

Vitabu vya mazoezi vinafanyaje kazi

Vitabu vya somo hili viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hueleza kila kitufe cha programu kwa mpangilio, kama kamusi. Aina ya pili humpa msomaji kazi ya kufanya: sura ya kwanza atengeneze mpira unaodunda, ya pili kadi ya salamu, ya tatu mhusika anayetembea. Kila kitufe huelezwa pale tu kinapohitajika. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa Classroom in a Book wa Adobe, ambao kwa miaka mingi umekuwa na matoleo ya Flash na baadaye Animate. Humo mwanafunzi huanza sura kwa kufungua kazi iliyokwisha kukamilika, akaitazama ikicheza, kisha akaanza kuijenga mwenyewe hatua kwa hatua kwa kutumia michoro iliyotayarishwa.

Kwa anayejifunza peke yake, aina ya pili ni bora, na sababu yake inajulikana na kila aliyekulia karibu na shamba la chai. Hakuna aliyefundishwa kuchuma kwa kuelezwa majina ya sehemu za mche. Alisimama kwenye mstari, akaonyeshwa, akachuma, akarekebishwa. Fundi wa cherehani naye huanza na nguo moja, si na orodha ya sehemu za mashine.

Hata hivyo, vitabu hivi vina mtego wao. Msomaji anayefuata hatua zote humaliza sura akiwa na kazi nzuri mbele yake na kuamini kwamba ameelewa. Akifunga kitabu na kufungua ukurasa mtupu, hajui pa kuanzia. Alikuwa akitii maagizo tu. Dawa yake itaelezwa mbele kidogo, lakini kwanza ni lazima kujua kitabu chenyewe kiwe kipi.

Kwa nini tarehe ya kitabu ni muhimu kuliko bei yake

Programu iliyotawala somo hili kwa muda mrefu ni Flash. Ilianza mwaka wa 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa FutureWave. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni ya Macromedia ilikuwa imeinunua na kuipa jina la Flash. Desemba 2005, Adobe nayo ikaimeza Macromedia. Katika miaka hiyo yote, mtu aliyesema anajifunza katuni za tovuti kwa kawaida alimaanisha anajifunza Flash, na wachapishaji walitoa vitabu vipya kila toleo jipya lilipotoka. Vitabu hivyo ndivyo vinavyojaa leo katika masanduku ya wauza mitumba.

Katuni za Flash hazikuchezwa na kivinjari chenyewe. Zilihitaji programu nyingine ndogo ndani yake, iliyoitwa Flash Player. Apple ilipotoa iPhone mwaka wa 2007, simu hiyo haikuwa na Flash Player, na haikuipata kamwe. Novemba 2011, Adobe yenyewe ilitangaza kwamba itaacha kuiendeleza kwa vivinjari vya simu. Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine inayokua: HTML5, kiwango cha kurasa za tovuti kilichoidhinishwa rasmi na shirika la W3C Oktoba 2014, ambacho kilikiwezesha kivinjari kuchora na kuchezesha picha bila msaada wa programu ya pembeni. Julai 2017 Adobe ikatangaza kwamba Flash Player itazikwa mwisho wa mwaka wa 2020. Ndivyo ilivyokuwa. Ilipofika tarehe 12 Januari 2021, Flash Player ilianza kukataa yenyewe kucheza chochote.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kilichokufa ni kichezeo, si meza ya kuchorea. Programu ya kuchorea iliendelea, na mapema mwaka wa 2016 ilibadilishwa jina ikawa Adobe Animate, nayo inaweza kutoa kazi kwa HTML5. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa Animate kwenye jalada na kitabu kilichoandikwa Flash MX au Flash CS3 ni ndugu, lakini mmoja wao ameshazikwa nusu.

Anayekishika kitabu mkononi afungue ukurasa wa mwanzo unaotaja mwaka wa kuchapishwa. Kisha atafute sura ya mwisho au ya karibu na mwisho, ile inayofundisha kutoa kazi kwenye tovuti. Ikiwa sura hiyo inazungumzia faili za SWF pekee bila kutaja HTML5, kitabu hicho hakitamfikisha mwanafunzi kwenye simu ya jirani yake. Aangalie pia faili za mazoezi ziko wapi. Vitabu vya zamani vilikuwa na CD iliyobandikwa kwenye jalada la nyuma, na kwa kawaida ikifika sokoni huwa imechunika au imepotea, mbali na kwamba laptopu nyingi za siku hizi hazina pa kuiingiza. Vitabu vya karibuni humtaka mnunuzi apakue faili kwenye tovuti ya mchapishaji, na baadhi hutumia msimbo wa mara moja ambao mwenye kitabu wa kwanza huenda ameshautumia. Kitabu cha mazoezi kisicho na faili zake ni sawa na mbegu bila jembe: kitu kitaota, lakini kwa taabu.

Je, mwenye kitabu cha zamani akitupe? La. Sura za kuchora, za matabaka na za kupanga mwendo bado zina faida kamili, kwa sababu hisabati ya mwendo haijabadilika. Zinazopaswa kurukwa ni sura za lugha ya ActionScript, kwa kuwa tovuti za sasa hutumia JavaScript, pamoja na ile ya kutoa faili ya SWF. Na kuna tofauti moja ndogo inayowasumbua wengi bila wao kuijua. Flash ya zamani ilifunguka ikiwa imewekwa kasi ya fremu 12 kwa sekunde. Kuanzia toleo la CS4 ilianza na 24, na programu nyingi za leo huanza na 24 au 30. Mwanafunzi akifuata kitabu cha zamani ndani ya programu mpya bila kubadilisha kasi hiyo, mhusika wake atatembea mbio mara mbili au zaidi, naye atadhani amekosea kuhesabu.

Zoezi moja, kwa undani

Ili kuonyesha kinachofundishwa hasa, chukua kazi ambayo mwanafunzi wa Kiptere angeweza kuifanya baada ya sura mbili tatu za kitabu chochote: pikipiki inayopita kwenye tangazo la duka, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sekunde tano.

Katuni yoyote ni picha nyingi zilizosimama, zikionyeshwa haraka kiasi kwamba jicho halizitenganishi. Kila picha ni fremu. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, sekunde tano zinahitaji fremu 120. Kuchora pikipiki mara 120 ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa, na hapo ndipo programu inaposaidia. Mwanafunzi huweka pikipiki kwenye ukingo wa kushoto katika fremu ya 1, kisha kwenye ukingo wa kulia katika fremu ya 120. Hizo mbili huitwa fremu kuu. Zilizo katikati hujazwa na programu yenyewe. Ikiwa tangazo lina upana wa pikseli 1,200, pikipiki itasogea takriban pikseli 10 kwa kila fremu.

Pikipiki, barabara na milima ya nyuma haziwekwi mahali pamoja. Kila kimoja hukaa kwenye tabaka lake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa juu ya nyingine. Barabara haisogei, milima husogea kidogo, pikipiki husogea sana. Milima ikisogea polepole kuliko vilivyo karibu, jicho huamini iko mbali. Hili linaonekana kila siku na aliyepanda matatu: chai ya kando ya barabara hupita mbio, lakini vilima vya mbali ni kana kwamba vinasindikiza gari.

Kisha kuna magurudumu. Hapa ndipo kazi nyingi za wanaoanza huharibikia, na ndipo kitabu kizuri hujitofautisha na kibaya. Gurudumu lenye kipenyo cha pikseli 100 lina mzingo wa takriban pikseli 314. Ili livuke pikseli 1,200 bila kuteleza, ni lazima lizunguke karibu mara nne. Mwanafunzi akilizungusha mara moja tu, pikipiki itaonekana ikiburuzwa kwenye matope ya Aprili. Akilizungusha mara kumi, itaonekana imekwama huku injini ikinguruma. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila atahisi kuna kitu si cha kweli. Gurudumu lenyewe huchorwa mara moja tu na kuhifadhiwa kama kielelezo, kisha hutumiwa mbele na nyuma. Likirekebishwa moja, yote mawili hubadilika, na faili hubaki nyepesi.

Mwisho ni mwendo wa kuanza na wa kusimama. Kitu chenye uzito hakianzi kwa kasi kamili wala hakisimami ghafla. Programu zote za kazi hii zina njia ya kuufanya mwendo uanze polepole, ushike kasi, kisha upungue. Kanuni hii na nyingine za aina yake hazikuvumbuliwa kwa ajili ya kompyuta. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa siku nyingi wa Disney, waliziandika katika kitabu chao The Illusion of Life cha mwaka wa 1981, miaka 15 kabla Flash haijazaliwa, wakieleza kazi ya mikono ya miongo iliyotangulia. Aliyezielewa hupoteza kidogo sana programu inapobadilishwa.

Kusoma mara tatu

Sasa ile dawa iliyoahidiwa. Kila sura ifanywe mara tatu. Mara ya kwanza kitabu kikiwa wazi, kila hatua ikifuatwa kama ilivyoandikwa. Mara ya pili, siku inayofuata, kitabu kikiwa kimefungwa. Mwanafunzi akikwama afungue aone kilichomshinda, akifunge tena. Mahali alipokwama ndipo somo lake lilipo, na ni vyema apaandike kwenye daftari kwa Kiswahili au Kipsigis, kwa maneno yake mwenyewe. Mara ya tatu atumie mbinu ile ile kwa kazi ambayo haimo kitabuni. Kama sura ilifundisha kadi ya krismasi ya Ulaya yenye theluji, yeye atengeneze neno “Chamgei” likijitokeza herufi moja moja juu ya shamba la chai lenye ukungu.

Mara hii ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haina maagizo na huchosha. Lakini anayetafuta kazi ya kuchora hataulizwa amesoma sura ngapi. Ataulizwa aonyeshe alichotengeneza, na wateja huzitambua upesi kazi zilizonakiliwa kitabuni kwa kuwa wameziona kwa wengine kumi.

Vitabu hivi karibu vyote viko kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha amri fupi zenye majina ya vitufe. Pale penye kompyuta moja na vijana watatu, jambo la kawaida, mpango mzuri ni mmoja asome kwa sauti, wa pili ashike kipanya, wa tatu atazame kama matokeo yanafanana na picha ya kitabuni, kisha wabadilishane kila hatua kumi. Anayesoma hulazimika kueleza na anayefanya hulazimika kuuliza. Ubaya wa mpango huu ni kwamba kijana mwepesi hukikalia kipanya. Saa ya ukutani itatue hilo.

Gharama, vifaa na umeme

Tangu mwaka wa 2013 Adobe imekuwa ikitoa matoleo mapya ya programu zake za uchoraji kwa usajili wa kulipia kila mwezi au mwaka. Ukikoma kulipa, programu hujifunga, na faili ulizohifadhi kwa muundo wake hubaki bila ufunguo. Kwa kijana ambaye bado hajapata mteja hata mmoja, huo si mzigo wa kuanza nao. Nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi si suluhisho pia. Mbali na kuvunja sheria, mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ya familia yenye virusi hupotea pamoja na picha za harusi na nakala za vyeti.

Kuna njia ya bure na ya halali. Inkscape huchora michoro ya mistari inayoweza kuwekwa moja kwa moja kwenye tovuti. Synfig Studio hupanga mwendo wa fremu kuu kama ulivyoelezwa hapo juu. Pencil2D ni ya wale wanaopenda kuchora kila fremu kwa mkono. Programu hizi hupakuliwa mara moja na baada ya hapo hazihitaji intaneti, kwa hiyo safari moja ya saiba au bando moja la usiku linatosha. Mwenye kitabu cha Animate anaweza kufanya mazoezi mengi ndani ya Synfig, ingawa atalazimika kutafuta vitufe vyenye kazi ile ile. Taabu hiyo humfundisha kutenganisha mbinu na kitufe, jambo ambalo vitabu vyenyewe hulifanya kwa nadra.

Kwa watoto wa shule, na kwa mtu mzima ambaye hajawahi kushika kompyuta, pa kuanzia ni Scratch. Ilitolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka wa 2007, ni ya bure, inaweza kusakinishwa na kutumika bila intaneti, na menyu zake zinaweza kugeuzwa kuwa Kiswahili. Badala ya kuandika msimbo, mtoto huunganisha vipande vya rangi kama matofali ili kumfanya mhusika atembee au aseme. Scratch nayo iliguswa na kifo cha Flash: toleo lake la pili lilijengwa juu ya Flash, na la tatu, la Januari 2019, likahamia HTML5. Ndiyo maana hata kitabu cha watoto kama Super Scratch Programming Adventure!, kinachofundisha kwa hadithi ya katuni ambayo msomaji huijenga mwenyewe, kimetolewa zaidi ya mara moja. Anayekinunua ahakikishe jalada linataja toleo la tatu.

Kompyuta haihitaji kuwa mpya. Laptopu ya mitumba yenye kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4 inaweza kuendesha Scratch, Inkscape na Pencil2D kwa kazi ndogo. Ikiwa na 8, mambo huwa mepesi zaidi. La kuangaliwa zaidi ni betri. Ukanda wa Kericho ni maarufu kwa mvua ya mawe na radi za alasiri, na umeme unapokatika katikati ya fremu ya 90, laptopu yenye betri mbovu huzima papo hapo na kazi yote huenda nayo. Mwanafunzi ajizoeze kuhifadhi kila anapomaliza hatua ya kitabu, na kila siku aipe faili jina jipya lenye tarehe badala ya kufuta ya jana. Anapoona wingu jeusi likishuka kutoka upande wa milima, achomoe waya ukutani.

Vyuo vya ufundi stadi, ambavyo wengi bado huviita village polytechnic, viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mkazi anayetaka kujua kama chuo kilicho karibu naye kina kompyuta na somo la kutosha la kumwanzisha aulize kwa meneja wa chuo au katika ofisi ya wadi kabla ya kulipia kozi ya mtu binafsi. Maktaba ya umma mjini Kericho ni mahali pengine pa kuuliza, hata kama ni kwa ajili ya meza tulivu tu. Na akutanaye na tangazo la kozi inayoahidi mshahara baada ya wiki mbili alipite. Hakuna kitabu makini cha somo hili kinachotoa ahadi hiyo.

Kazi hii imewafikisha wapi wengine

Wanaodhani katuni ni za Marekani na Japani pekee wana mifano ya karibu ya kutazama. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa watoto wa vipindi 52 ulioonyeshwa na BBC kuanzia mwaka wa 2010, ulitengenezewa Nairobi na Homeboyz, ukichukua hadithi za wanyama wa Afrika na mtindo wa uchoraji wa Tingatinga kutoka Tanzania. Dar es Salaam kuna Ubongo, walioanza mwaka wa 2014 na katuni za Kiswahili za kufundisha hesabu na sayansi, ambazo watoto wengi wa Kenya nao huzitazama. Ng'endo Mukii, mtengenezaji filamu Mkenya aliyejulikana kwa filamu yake Yellow Fever ya mwaka wa 2012, aliongoza Enkai, moja ya filamu fupi katika mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney mwaka wa 2023.

Hizi ni kazi za vikundi vya watu na za miaka, wala hakuna atakayezifikia kwa kitabu kimoja. Ila zote zimejengwa kwa vitu vile vile vya zoezi la pikipiki: fremu, tabaka, gurudumu linalozunguka kiasi kinachostahili. Soko la kwanza la kijana wa Kiptere liko karibu zaidi. Ni tangazo la duka la pembejeo, salamu za kanisa, mwaliko wa harusi unaotumwa kwa simu, au somo fupi la chama cha ushirika kuhusu majani yanayokataliwa kwenye kituo cha kununulia.

Michoro ya kitabuni si mali ya msomaji

Jambo moja la kisheria huwaingiza wanaoanza matatani. Picha, sauti na wahusika wanaokuja na faili za mazoezi ni mali ya mchapishaji au ya msanii aliyewachora. Kwa kawaida huruhusiwa kutumika kwa kujifunzia tu. Kumpa mwenye duka tangazo lililojengwa kwa mhusika wa kitabuni, au kwa muziki uliochukuliwa mtandaoni, kunaweza kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mwenye duka naye anaweza kujikuta akidaiwa.

Sheria hiyo hiyo humlinda kijana. Mchoro alioubuni mwenyewe huwa na hakimiliki tangu unapohifadhiwa kwenye faili, bila kulipia chochote. Usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si lazima, lakini cheti chake husaidia kuthibitisha umiliki mgogoro ukitokea. Kwa hiyo zile faili zenye tarehe tofauti, zilizohifadhiwa kwa kuogopa radi, zina kazi ya pili: zinaonyesha jinsi mchoro ulivyokua siku baada ya siku mikononi mwa aliyeuchora. Makubaliano na mteja yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, yakitaja bei, tarehe ya kukabidhi, na kama mteja ananunua haki ya kuutumia mchoro huo kwa tangazo hilo tu au kwa kila kitu.